Kununua Subaru ya turbo Malindi: ikute injini ingali baridi

Muuzaji akikwambia, "Nakuletea hapo hapo ulipo," mshukuru, kisha mkatalie. Gari lililotoka Muyeye likafika kwenu Shella limeshapata moto, na injini yenye moto haisemi yote. Moshi wa kuwashia umeshatoka njiani, mlio wa asubuhi umenyamaza, na mfuniko wa maji huwezi kuufungua bila kujiunguza. Mwambie hivi: "Kaka, kesho usiliwashe. Nitakuja saa moja asubuhi nilikute limelala." Ukifika ukaweka kiganja juu ya injini ukakuta ina uvuguvugu, panga siku nyingine. Akikataa mara ya pili, umeshapata jibu lako bila kushika spana.

Maelezo haya yanahusu zaidi EJ20 ya turbo, injini iliyomo ndani ya Impreza WRX na STI, Forester za turbo, na Legacy B4 na GT. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, bloki na hedi (vichwa vya silinda) za aluminiamu, ujazo wa cc 1994. Forester ya turbo ya umbo lililotoka mwisho wa 2012 hutumia injini nyingine, FA20, yenye mnyororo badala ya mkanda wa taimingi. Kwa vile Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, EJ20 nyingi unazoziona zikiuzwa huku zimeshakaa nchini miaka mingi na kupita mikono kadhaa. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zichukulie kama maneno ya muuzaji: huenda ni kweli.

Nenda na tochi, kitambaa cheupe, kioo kidogo cha mkono, sumaku, multimita, spana ya plagi ya milimita 16 yenye ekstensheni, geji ya kompresheni yenye bomba refu la mpira (plagi za Subaru zinatazama ubavuni na nafasi ni finyu), na kifaa cha kusoma kompyuta ya injini. Fundi unayemwamini awe wa kwako. Fundi aliyeletwa na muuzaji, hata akiwa mtu mwema, anakunywa chai ya upande ule.

Maji kwanza

Pwani, maji ndiyo yanayoua injini hizi kuliko jambo lolote. Visima vingi vya huku vina chumvi, na rejeta ikipungua njiani, dereva huchota ndoo iliyo karibu. Maji ya chumvi yakikaa ndani ya injini ya aluminiamu hula mapito taratibu, hutoboa kiini cha rejeta, na huacha magamba meupe yanayoziba. Injini haichemki siku hiyo. Inachemka mwaka unaofuata, mikononi mwako.

Fungua mfuniko injini ikiwa baridi kabisa. EJ20 ya turbo ina mifuniko miwili: mmoja kwenye rejeta, na mwingine kwenye tangi dogo lililo juu ya injini, ambalo ndilo sehemu ya juu kabisa ya mfumo. Unajazia maji kupitia tangi hilo la juu. Mifuniko hiyo haifanani kazi, na ikibadilishwa nafasi presha ya maji huharibika, kwa hiyo usiichanganye, na muulize fundi wako kama iko mahali pake.

Tia kidole. Kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini) nzuri ni ya kijani au buluu, safi, yenye utelezi kidogo. Ukikuta maji matupu yasiyo na rangi, jua gari linapungukiwa maji na mwenyewe kachoka kununua kulanti. Rangi ya kutu au tope la kahawia ni mbaya zaidi. Utando wa oili unaoelea juu, au masizi meusi ndani ya chupa ya akiba, yanaashiria kuwa gasket ya silinda hedi, ile iliyo kati ya bloki na hedi, inavuja.

Sasa chukua multimita, iweke kwenye volti za DC. Ncha nyeusi ishike kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyekundu ichovye ndani ya kulanti bila kugusa chuma chochote. Ikisoma chini ya 0.3 si neno. Ikipita 0.4, kulanti imekufa au ina chumvi, na inaendesha umeme unaokula aluminiamu kutoka ndani. Kipimo hiki ni cha dakika moja na wauzaji wengi hawakijui, kwa hiyo hawajajiandaa nacho.

Oili na kitambaa cheupe

Vuta stiki, pangusa, rudisha, vuta tena. Kiwango kikiwa chini ya alama ya chini, usiliwashe gari hata kwa dakika moja. EJ20 ikiendeshwa na oili pungufu hula beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki), kwa sababu kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu hunyonya hewa. Jumla yake ni kama lita 4 hadi 4.5, hivyo lita moja ikikosekana ni karibu robo nzima.

Oili nyeusi peke yake si dhambi. Inayotia shaka ni oili iliyo safi kama asali kwenye injini chafu: imemwagwa jana. Paka tone kwenye kitambaa cheupe, kipeleke juani, ukiinamishe huku na huku. Ukiona vumeta vidogo, pitisha sumaku chini ya kitambaa. Vikivutwa, ni chuma. Visipovutwa na vikiwa na rangi ya shaba au fedha, ni beringi zinazosagika, na hapo funga boneti. Oili yenye harufu kali ya petroli inaonyesha ringi za pistoni zinapitisha au injekta zinavuja. Oili nzito kupita kawaida, inayoshuka kwenye stiki kama uji, mara nyingi imewekwa makusudi ili kunyamazisha mlio.

Mwenye gari akiwa mkweli atakubali ombi hili: umnunulie wewe oili na filta mpya, na filta ya zamani uichukue. Ipasue kwa msumeno, kunjua karatasi yake, ikamue kwenye kitambaa. Hakuna kipimo cha bei ndogo kinachosema mengi kuliko hicho, maana filta inatunza kumbukumbu ya maelfu ya kilomita na haijui kusema uongo.

Macho na tochi

Injini iliyooshwa ikang'aa kama sufuria ya harusi inafichua kidogo kuliko yenye vumbi. Vumbi linaonyesha mahali oili ilipopita. Ikiwa imeoshwa, utaitazama upya baada ya kuiendesha nusu saa.

Mulika chini ya vifuniko vya valvu, pande zote mbili. Gasket za hapo zikichoka, oili hudondokea kwenye eksozi na kutoa harufu ya kuungua. Si ugonjwa mkubwa. Kisha tazama maungio ya bloki, sampu (karai la oili chini ya injini) na hedi: ukiona silikoni imefurika nje kama ujiti wa dawa ya meno, injini imeshafunguliwa. Kufunguliwa si kosa, bali silikoni iliyofurika nje imefurika ndani pia, na vipande vyake hukatika vikaenda kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Omba risiti za kazi hiyo: gasket gani, beringi gani, nani aliyesawazisha hedi. Injini iliyofanyiwa ovahoo bila karatasi hata moja ihesabu kama haijafanyiwa.

Chumvi ya hewani nayo ina alama zake. Gari lililolala miaka karibu na ufuo, Silversands au Casuarina, huwa na unga mweupe kwenye aluminiamu, ukijani ndani ya soketi za koili na sensa, na mapezi ya intakula (kipoza hewa ya turbo) yanayovunjika ukiyagusa kwa ukucha. Chomoa soketi mbili tatu utazame ndani. Fuata waya wa aithi kutoka betri hadi kwenye injini. Ukiwa umeoza, utakuletea matatizo ya kompyuta yasiyo na kichwa wala miguu, na mafundi watakubadilishia sensa moja baada ya nyingine.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Kifuniko cha plastiki cha pembeni kinafunguka kwa spana ya 10; mulika mkanda utafute nyufa na unyevu wa oili. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni, na hedi zote mbili huenda. Kama hakuna risiti yenye tarehe na kilomita, toa kwenye bei gharama ya mkanda, rola zake, tensheni na pampu ya maji kwa pamoja.

Kuwasha

Mwache mwingine awashe, wewe simama nyuma ya sailensa. Kwa joto la Malindi, mvuke mweupe wa asubuhi ambao watu wa Limuru wameuzoea hauonekani sana. Moshi mweupe mzito unaoendelea dakika mbili tatu, wenye harufu tamutamu, ni kulanti inayoungua. Moshi wa buluu unaotoka mara moja na kukoma ni oili iliyopita kwenye sili za valvu usiku. Ukiendelea, fikiria ringi au turbo. Moshi mweusi ni petroli nyingi.

Halafu sikiliza. Mngurumo ule wa kukatikakatika unaopendwa na vijana hautokani na ubovu: unatoka kwenye mabomba ya eksozi yasiyolingana urefu. Gari lisilo nao si bovu, na lenye nao si zima. Kuna mlio wa gadagada unaosikika injini ikiwa baridi na kupotea ndani ya dakika chache inapopata moto. Huo kwa kawaida ni pistoni inayocheza ndani ya silinda, na Subaru nyingi huishi nao miaka. Mlio wa kuogopwa ni mzito zaidi, kama nyundo ndani ya pipa, nao huongezeka kadiri injini inavyopata moto. Panda taratibu hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha achia mafuta ghafla: beringi ya konrodi iliyochoka hugonga pale mizunguko inaposhuka. Kuhakikisha, chomoa koili moja moja injini ikinguruma. Silinda ambayo mlio wake hupungua koili ikitolewa, ndiyo yenye beringi mbovu. Kabla ya hapo, kamata bati za kuzuia joto za eksozi uzitikise, kwani bati iliyolegea imeshawatisha wanunuzi wengi bure.

Iache ingurume dakika 20, kiyoyozi kikiwa wazi, ikiwezekana ukisubiri hadi jua la saa tano. Soma joto kwenye kifaa chako, usitegemee mshale wa dashibodi ambao hukaa katikati hata mambo yakiwa yameanza kuharibika. Feni huingia karibu nyuzi 95 hadi 100, kisha joto hushuka. Likipita 105 na kuendelea kupanda, zima.

Barabarani

Malindi ni tambarare, na hili linawafaa wauzaji. Gari lenye gasket inayoanza kuvuja linaweza kuzunguka mjini wiki nzima bila kuchemka, lakini likipanda Voi na mzigo linasimama. Kwa hiyo mzigo itabidi uutengeneze wewe. Toka mjini, shika barabara ya Mombasa mpaka Gede na kurudi. Mwanzoni endesha polepole hadi oili ipate moto. Mahali palipo wazi, pasipo na tuktuk, bodaboda wala mbuzi, weka gia ya tatu au ya nne kwenye mizunguko 2,500 na ukanyage mafuta yote hadi karibu 5,000. Rudia mara tatu, ukiipumzisha katikati.

Nguvu ipande kwa mfululizo. Ikisitasita juu, ni plagi, koili, petroli au presha ya turbo inayovuja. Ukisikia mlio kama changarawe ndani ya kopo wakati wa kuvuta, achia mara moja: petroli inalipuka kabla ya wakati. EJ20 za soko la Japani zilitengenezwa kwa petroli ya oktani 100, na pampu zetu za kawaida hazifiki hapo. Mwenye gari aliyekuwa akijaza mafuta ya kawaida na kukanyaga kila Jumamosi amekuwa akivunja kingo za pistoni polepole.

Mwenzako atazame nyuma. Moshi wa buluu wakati wa kuvuta unaelekeza kwenye ringi au turbo. Unaotoka ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena unaelekeza kwenye miongozo na sili za valvu. Ukirudi, usizime papo hapo. Iache dakika moja au mbili ili turbo ipoe na oili yake ikitembea. Fungua boneti utazame chupa ya akiba ya maji. Ikiwa imejaa kuliko ulivyoiacha na inatoa mapovu mfululizo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Fundi mwenye ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi atakuthibitishia juu ya tangi.

Geji ya kompresheni, na kwa nini oili ya kijiko haifai hapa

Hapa ndipo pesa zinapookolewa. Kazi ni ya saa moja au zaidi, maana kuna kuhamisha boksi la hewa na kuisogeza betri ili kuzifikia plagi. Injini iwe na moto lakini si wa kuunguza. Toa rilei ya pampu ya petroli, chomoa koili zote, fungua plagi zote nne na uzipange kwa namba. Silinda 1 na 3 ziko kulia, upande wa dereva. 2 na 4 ziko kushoto. Pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini na betri iwe na nguvu. Piga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda, andika.

Nzima husoma kati ya 140 na 170 psi (kipimo cha presha). Chini ya 120 ni kukataa. Muhimu zaidi ni usawa: 150, 148, 152, 150 ni injini bora kuliko 165, 165, 160, 130. Silinda namba 4, ya nyuma kushoto, ndiyo mafundi huianzia kwa sababu ina sifa ya kupata joto zaidi.

Mafundi wengi, silinda ikisoma chini, humimina kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda wanasema ni ringi. Kwenye injini ambayo silinda zake zimesimama wima ni sawa. Kwenye Subaru silinda imelala, oili inatuama upande wa chini na haizunguki ringi yote, kwa hiyo jibu linadanganya. Dai kipimo cha kuvuja: pistoni ipandishwe juu valvu zikiwa zimefungwa, hewa ya kompresa iingizwe, usome asilimia inayotoroka. Chini ya 10 ni nzuri, juu ya 20 kuna kasoro. Kisha tega sikio. Hewa ikitoka kwenye sailensa ni valvu ya eksozi, ikitoka kwenye tundu la kujazia oili ni ringi au ukingo wa pistoni, na mapovu kwenye tangi la maji ni gasket.

Plagi zenyewe zisome. Rangi ya udongo hafifu ni afya. Nukta ndogo za kung'aa juu ya kauri ni aluminiamu ya pistoni iliyorushwa na milipuko ya mapema. Moja ikiwa safi kuliko wenzake kana kwamba imeoshwa, silinda hiyo inakunywa maji. Kamera ya uzi ya kuunganisha na simu itakuonyesha kichwa cha pistoni kilichosafishwa na mvuke.

Kama geji ya presha ya oili ipo, sensa iko chini ya altaneta. Oili ikiwa na moto wa nyuzi 80, tarajia angalau psi 14 injini ikinguruma tu na psi 43 kwenye mizunguko 5,000.

Turbo na mikono iliyochezea

Ondoa mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo, shika ncha ya shafti. Kucheza kidogo kwa upande hukubalika. Kucheza mbele na nyuma hapana, na mapanga yakigusa ukuta turbo imekwisha. Utando wa oili ndani ya intakula ni kawaida, dimbwi si kawaida. Turbo ikiwa mpya kwenye injini kuukuu, uliza ya kwanza ilikufa na nini. Boliti inayopitisha oili kwenda kwenye turbo ina kichujio kidogo cha wavu, kikiziba turbo hufa kwa kiu. Na baadhi ya WRX zina katalisti (kichujio cha moshi wa eksozi) kabla ya turbo ambayo ikivunjika vipande vyake huharibu mapanga. Kubadilisha turbo bila kutibu chanzo ni kununua turbo mbili.

Eksozi kubwa iliyofunguliwa huku kompyuta ikiwa ya kiwandani hupandisha presha kupita kiwango. Valvu inayopuliza hewa nje kwa mlio wa "pshhh" inamwaga hewa ambayo sensa imeshaihesabu, petroli inazidi kwa muda mfupi kila unapobadilisha gia, na kuta za silinda zinaoshwa oili. Gari lililochezewa liwe na faili ya mpangilio wa kompyuta na jina la aliyeliandaa. Lisilo navyo, bei yake iwe ya gari linalosubiri injini.

Unganisha kifaa cha kusomea. Magari ya Japani ya miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 mara nyingi huhitaji programu maalumu ya Subaru. Ukikuta hakuna kosa hata moja lakini majaribio ya ndani yanaonyesha hayajakamilika, makosa yalifutwa asubuhi hiyo au betri ilichomolewa. Liendeshe tena, soma tena.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya amana, pangusa pedi iliyosawazishwa juu ya bloki, nyuma pale inapokutana na giaboksi, usome namba ya injini kwa tochi na kioo. Ilinganishe na iliyo kwenye logibuku. Injini za mtumba kutoka Japani hubadilishwa sana kwenye Subaru, na namba isiyolingana maana yake mabadiliko hayajaandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Muuzaji akayaandikishe kwa jina lake kwanza, ndipo mrudi mezani.